Maikrofoni Kwenye Kola Yake

Nitasema mapema ili nisionekane mwema kuliko nilivyo: nilitaka aumie. Sikutaka afukuzwe kazi, wala agongwe na boda. Nilitaka aone aibu, tena aibu iliyoandikwa kwa herufi safi, yenye namba ya ukurasa, mahali ambapo mkono wake haufiki kuifuta.

Alikuwa msimamizi wangu katika maktaba ya chuo kikuu kimoja hapa Kampala, kwenye hifadhi ya nyaraka. Wote tulimwita Daktari. Mimi nilikuwa pale kwa mafunzo ya miezi sita, katika kitengo cha historia simulizi: tunawarekodi wazee, kisha tunaandika walichosema. Sikuwa na shahada. Nilikulia kambi ya polisi, baba yangu konstebo kutoka kaskazini, na Kiswahili cha kambini nilikinyoosha mwenyewe kwa redio na kamusi moja isiyo na jalada. Kuandika mahojiano nilijifundisha kwenye simu. Walinichukua kwa sababu walikuwa na rekodi nyingi za Kiswahili na hakuna mtu wa kuzisikiliza hadi mwisho.

Wiki ya tatu niliruka kikohozi. Mzee mmoja alikohoa kabla ya kujibu swali, nami sikuandika. Daktari akaubandika ukurasa ule ubaoni, amechora duara jekundu pale kikohozi kilipopaswa kuwa, akaita ofisi nzima.

"Mnaona? Hii ndiyo shahada ya simu." Wakacheka. "Hapa ni neno kwa neno, mwana wange. Kikohozi, kimya, mbwa akibweka, vyote unaandika. Wewe ni nani wa kuchagua?"

Nilirudia kurasa arobaini. Kabla ya hapo nilikwenda chooni nikanawa uso, nikarudi mezani nikapanga kalamu zangu kwa urefu. Kwa mdomo nilisema, "Asante kwa kunirekebisha, Daktari." Moyoni nilianza kusubiri.

Mwezi uliofuata tulikwenda Kyebando kumhoji bibi mmoja Mnubi. Babu yake aliletwa Uganda kutoka Sudani na jeshi la mkoloni. Yeye alikuwa akisuka kawa za kufunikia chakula, za rangi kali, na kuwauzia maharusi. Nilimwita Haboba, kama Wanubi wanavyomwita bibi. Alikuwa na ulimi. Alipomwona Daktari anahangaika na kigoda kifupi, alimwambia, "Kaa tu, profesa. Kiti yangu haikusoma, haijui wewe ni mukubwa."

Nilimbandika kila mmoja maikrofoni ndogo isiyo na waya, Daktari kwenye kola, Haboba kwenye ushungi. Nikavaa hedifoni, nikashika kinasa sauti.

Baada ya saa nzima Haboba alifika mwaka wa sabini na tisa, serikali ya kijeshi ilipoanguka na Wanubi wakawindwa mitaani. Sauti yake ilishuka.

"Mama ya bwana yangu anasema haendi. Miguu inakataa. Mimi iko na watoto tatu. Nikamuwekea maji. Nikafunga mlango, kwa inje, na kufuli. Nikafunga, halafu…"

Simu ya Daktari ikalia. Akainua kidole. "Dakika moja, mama." Akatoka uani, na maikrofoni ikatoka naye kwenye kola.

Kanuni yetu ni kwamba simu ikilia, mwenye kinasa sauti anasitisha. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Mwanzoni sikubonyeza kwa sababu ya woga, maana alikwisha kunikaripia kwa kugusa-gusa mashine. Kisha nikasikia anachosema, na woga ukaisha.

Alikuwa akiongea Kiganda, anacheka. "Niko Kyebando na kabibi fulani. Hapana, hakuna la maana, analialia tu. Hawa wanaongea mpaka jogoo atage. Niagizie nyama, nakuja Kabalagala." Na mengine ya namna hiyo, dakika nne na sekunde kumi.

Haboba alikuwa ananitazama. "Anasema nini?"

"Mambo ya kazi, Haboba."

"Kazi yake iko na kicheko mingi."

Daktari aliporudi alijipangusa jasho. "Tulikuwa wapi? Eeh. Hizi kawa, mama, mnatumia majani gani?"

Haboba aliangalia mikono yake. "Ukindu," alisema. Hakurudi tena kwenye mlango.

Niliandika yote. Kiganda chake mstari wa juu, tafsiri ya Kiswahili chini yake, kama kanuni inavyotaka. Nilisikiliza dakika zile nne mara kumi na moja ili hata vicheko viwe sahihi. Sijawahi kufanya kazi safi kama ile.

Maandishi yakikamilika hurudishwa kwa msimuliaji. Kama hasomi, anasomewa. Akitia saini, hata mkuu wa maktaba habadilishi herufi. Kabla ya hapo Daktari alipaswa kuyapitia, lakini nilijua kwamba hasomi zaidi ya ukurasa wa tatu. Alisaini huku anatafuna karanga.

Njiani kwenda Kyebando nilijiambia kwamba nikifika ukurasa wa kumi na nne nitaamua, niusome au niuruke. Ulikuwa uongo. Nilikuwa nimeamua tangu nilipouchapa.

Haboba alisikiliza huku anasuka. Nilipofika pale, mikono ilisimama.

"Rudia."

Nikarudia.

"Analialia," alisema. Akaliweka lile neno mdomoni kama mtu anayeonja chumvi. "Na wewe ulisikia hii siku ile. Mimi nakuuliza, wewe unasema kazi."

"Ndiyo, Haboba."

"Leo unaleta. Unaleta kwa mimi, ao kwa yeye?"

Nikakunja pembe ya ukurasa, nikaikunjua.

"Amekufanyia nini?"

Nikamweleza kikohozi, ubao, duara jekundu. Nilipokuwa nikikisema kisa hicho kwa sauti, ndani ya chumba kile, mbele ya mtu aliyefunga mlango ule kwa kufuli, kilikuwa kidogo mno. Lakini nilikisema hadi mwisho.

"Nikitoe hiki kipande?" nikauliza.

"Wacha. Leta kalamu."

Alitia saini taratibu. Nikafungua mkoba, nikagusa kinasa sauti. "Haboba, kama unataka kumalizia ile ya mlango…"

"Siku ile nilikuwa tayari. Siku mbili silali, najitayarisha. Leo hapana."

Wiki tatu zilipita. Daktari alikuwa anatafuta maneno ya kuweka ukutani kwenye maonyesho ya maktaba, akafungua mahojiano ya Haboba. Niliona anageuza kurasa. Niliona anaacha kugeuza.

"Hii ni nini?"

"Ukurasa wa kumi na nne, Daktari. Neno kwa neno."

"Toa."

"Ameshatia saini."

"Alisoma hii?"

"Nilimsomea mimi."

Shingo yake ilibadilika rangi kuanzia kwenye kola kwenda juu, na mimi nikaitazama safari hiyo yote. "Usahau barua yangu ya mapendekezo," alisema. Nilikuwa naihitaji barua hiyo. Nilitaka kazi pale, nilitaka meza ile iwe yangu. Nikasema sawa.

Ukuta wake wa maonyesho ulihitaji kisa cha ule mlango, hivyo akarudi Kyebando mwenyewe, bila mimi, na kilo mbili za sukari. Ila rekodi nililetewa mimi niiandike, kwa kuwa hakukuwa na mwingine. Saa moja na nusu Haboba anaeleza magoti yake, goti la kulia, kisha la kushoto, na dawa za kuchua. Daktari anaitikia kwa adabu. Simu hailii hata mara moja.

"Na ule mlango, mama? Ulisema ulifunga mlango."

"Mlango gani?"

"Wa nyumba. Kwa kufuli."

"Aa. Kufuli ya zamani ilikuwa nzuri. Hizi za sasa zinavunjika ovyo."

Akauliza tena, akajibiwa mambo ya mafuta ya mkaratusi. Mara ya tatu aliuliza polepole, karibu kama mtu anayeomba. Haboba hakujibu upesi. Pumzi inaingia, inasikika kabisa, pumzi ya mtu anayetaka kusema. Kisha: "Kunywa chai, profesa, inapoa."

Nilicheka peke yangu mezani mpaka mwenzangu akageuka. Nikaandika: kimya, sekunde kumi na moja. Halafu nikarudisha nyuma nikahesabu upya, maana mara ya kwanza nilikuwa nacheka, na huenda nilikosea.