Chumvi ya Vidole Viwili

Mwanamume wa Kiminini kushika mwiko! Mwaka huo wa 2006, Ngige angekana mchana kweupe mbele ya wazee wa kanisa. Lakini mkewe Kabura alikuwa kitandani, moyo umechoka, miguu imevimba, na alitamani kitu kimoja tu: wali wa Kihispania aliofundishwa na masista alipokuwa mpishi wao kule Kanduyi.

"Baba Wangui, kaanga kitunguu na hoho kwanza," alielekeza kutoka chumbani. "Halafu nyanya na bizari. Mchele ukishaingia na supu ya kuku, usiguse tena."

Ngige, aliyezoea kuona mukimo wa viazi na mahindi ukipondwa, akatia mwiko akakoroga. Kabura akausikia ukikwaruza.

"Wewe! Hiyo si ugali, bana. Wacha ishike chini. Ukoko ndio utamu wake."

Akauacha. Mzee mzima akasimama mbele ya jiko, mikono nyuma, kama mtoto aliyeadhibiwa, mpaka harufu ikajaa nyumba. Akapakua, akambandulia ukoko, akamlisha kwa kijiko. Kabura akatafuna, akasita.

"Haina chumvi."

"Si daktari alikataza?"

"Kidogo tu. Ya kushika na vidole viwili."

"Mama Wangui, mimi nataka upone."

Kabura alimtazama. Hakugomba, na huyo alikuwa mwanamke wa kugomba haswa. Akameza kilichokuwa mdomoni, akasema asante, akageukia ukuta. Sahani ikapoa juu ya stuli. Aliaga dunia kabla Jumapili haijafika.

Jamani, majuto ni mjukuu! Waombolezaji walimsifu Ngige kwa kumtunza mkewe, na kila sifa ilimchoma. Chumvi ya vidole viwili ingemfanya nini mtu aliyekwisha kufunga safari? Alimnyima, akidhani anamwokoa.

Baada ya mazishi, watu walipotawanyika, aliingia jikoni peke yake, wala hakumwita binti yao Wangui amsaidie. Akakaanga kitunguu na hoho, akatia nyanya, bizari, mchele na supu. Akatia chumvi. Hakukoroga. Uliposhika, akapakua sahani moja, akaweka ukoko wote juu, akaipeleka chumbani kwenye ile stuli, kando ya kitanda kilichotandikwa.

"Mama Wangui," alisema, "iko na chumvi sasa."