Rumba Kiganjani

Mume wangu alivunja konkriti miaka yake yote ya mjengo. Ile mashine inayotetemeka, inayoshikwa kwa mikono miwili, ndiyo iliyotulisha huku Kariobangi, na ndiyo iliyomla masikio. Kontrakta hakuwapa kitu cha kuyaziba. Yeye aliziba yake kwa vipande vya karatasi ya kufungia maandazi. Mpaka leo nikikumbuka hilo nakasirika.

Na huyu alikuwa mtu wa rumba hasa. Jumapili nikitoka kanisani nilimkuta mlangoni na redio yake, anaongeza sauti. Jirani anagonga ukuta: "Mzee, si upunguze kidogo! Mtoi amelala." Wapi! Eti redio za siku hizi hazina nguvu. Akanunua spika kubwa. Ikafika Jumapili moja spika inatikisa vikombe kabatini, naye ananiuliza kama stima imepotea.

Nilimwandikia kwenye simu kwamba stima ipo. Alilia, mtu mzima, bila kujificha, nami nikalia naye.

Mimi rumba sikuijali. Kwangu nyimbo zote zilikuwa moja. Lakini nilikaa kando yake, nikachukua kiganja chake, kigumu kama ubao, nikaanza kumgongea lile gitaa la kwenye spika kwa vidole jinsi nilivyolisikia. Akafumba macho. Baadaye kidogo akasema, "Umekosea, mama watoto. Hapo gitaa la pili linangoja kwanza." Nyimbo zote alikuwa nazo kichwani. Kumbe nimeolewa na mwalimu mkali! Hakuniachia kosa hata moja, na jirani akapata kulaza mtoto wake.

Kisha vumbi la kazi likamshinda kifuani. Alipolazwa hospitalini, nilimgongea zile nyimbo alizonifundisha. Kuongea hakuweza tena, lakini nikikosea, kidole chake kilijikunja kunizuia. Ndivyo nilivyojua bado yuko nami.

Asubuhi ya mwisho nilimgongea wimbo aliokuwa akiupenda kuliko zote, vizuri, tangu mwanzo hadi mwisho. Kidole kilitulia. Nikaurudia, na safari hii nikaliingiza gitaa la pili mapema, makusudi. Nikangoja. Nikakosea tena, vibaya zaidi, nikaendelea kukosea, mpaka muuguzi akaja akanishika bega.