Koti la Kikompyuta

Mama mmoja, fundi cherehani, alishonea watu nguo miaka arobaini, akawa mkaidi kuliko cherehani yenyewe. Siku mwanawe alipokuja kuchukua spika kubwa za marehemu baba yake akazitupe, eti deki ya kanda imekufa zamani, mama alikalia moja.

"Nipe mpaka Jumapili. Zisipoimba, beba."

Akanunua kikompyuta cha ubao mmoja, kitupu bila kasha, kidogo kama kipande cha sabuni. Akafuata maelekezo ya kwenye simu neno kwa neno, akaweka programu ya muziki na nyimbo za ujana wake na marehemu mumewe kwenye kadi ya kumbukumbu, akachomeka kadi, akaunga waya kwenye amplifaya ya spika zile. Kikaimba! Kwa furaha akakishonea koti la kitambaa kizito, likakibana sawasawa, maana hakuna aliyewahi kutoka mikononi mwake akiwa uchi.

Jumapili mwanawe alifika, na wimbo wa kwanza haukuisha, kikazima. Koti lilikuwa la moto kama pasi.

"Mama, haya si mambo ya umri wako. Nibebe?"

"Thubutu! Kaa hapo."

Akavaa miwani, akatoboa koti matundu ya vifungo kumi na mawili ili joto litoke, akazungushia uzi kila tundu bila haraka, mwanawe akitazama saa. Akawasha tena. Wimbo ukaisha, wa pili ukaisha, wa tatu ukaanza. Mwanawe akanyoosha mkono apunguze sauti.

"Toa mkono, baba. Hapa kwangu," alisema, akaongeza sauti mpaka vioo vya madirisha vikatetemeka.