Wankyo Atafuta Gari la Kuvuta Tela

Wankyo alizipikia kambi za wajenzi wa barabara kwa miaka ishirini na miwili, na miaka yote hiyo alilala kwenye hema la kampuni. Kambi ikihama, naye alihama na masufuria yake. Mvua ikipiga usiku, alikumbatia gunia la unga lisije likalowa. Siku alipopata mafao yake alirudi kwa dada yake Nyangi, pale Makoko mjini Musoma, akakaa wiki mbili tu, kisha akapanda basi kwenda Mwanza. Huko, kwenye karakana moja ya kuchomelea vyuma, akaagiza tela la kulala: chumba kizima juu ya magurudumu, chenye kitanda, jiko la gesi, tangi la maji na dirisha la kuuzia chakula. Alitaka azunguke kwenye magulio, leo Murangi, keshokutwa Butiama, apike, auze, kisha afunge mlango wake kwa komeo lake.

"Sasa hiyo nyumba itavutwa na nini?" Nyangi alimuuliza. "Au utanifunga mimi kamba?"

Wankyo alicheka, lakini swali lilibaki. Karakana walisema tela litakuwa tayari baada ya wiki sita. Leseni alikuwa nayo, maana kambini aliendesha pikapu ya kuteka maji. Gari ndilo hakuwa nalo.

Tena hakuwa mtu wa kuamini upesi. Mtu aliyewapikia vibarua mia na hamsini hujifunza kujua nani kala mara mbili kwa kumtazama tu shingoni. Hata watu wa karakana aliwabana. Walipomwambia tela litakuwa na kilo mia nane, aliuliza, "Likiwa na maji au bila maji?" Yule kijana wa karakana akaenda kumuuliza bosi wake, akarudi na namba nyingine kubwa zaidi. Wankyo akaiandika kwenye simu.

Kwa habari ya gari akamfuata Prosper, fundi mwenye gereji kule Nyasho. Walisali kanisa moja, ambako Wankyo aliitwa Mama Dorah, na watu walimsifu fundi huyo. Prosper alisikiliza uzito wa tela, akatikisa kichwa.

"Mama Dorah, gari ndogo usahau. Kuvuta gari nyingi zitavuta. Shida inakuwaga kwenye mteremko, tela linakusukuma kwa nyuma na wewe unataka kusimama. Unahitaji gari yenye chesisi nene na breki za maana."

"Basi tutafute wote," alisema Wankyo. "Sitanunua kitu ambacho hujakilalia chini yake ukakiangalia."

Wakaanzia Bunda, kwa dalali mmoja aliyeitwa Gody, aliyepanga magari kando ya barabara kuu. Gody aliwapokea kama ndugu waliopotea. Akawapeleka moja kwa moja kwenye pikapu ya bluu yenye milango minne, inang'aa kiasi kwamba Wankyo aliiona sura yake mlangoni.

"Hii, mama yangu, itavuta tela lako mpaka Dar es Salaam na kurudi. Sikiliza."

Akawasha. Injini ikaitika mara moja, laini. Gody akazima, akatabasamu. Wankyo akasogea mbele, akaweka kiganja juu ya boneti kama anavyojaribu sufuria, akakiondoa haraka.

"Mbona ya moto? Umeiwasha dakika moja tu."

"Jua, mama yangu. Bunda hii unaijua."

Gari lilikuwa limeegeshwa kivulini tangu asubuhi. Mavumbi ya chini yake hayakuwa na alama ya tairi. Mtu aliipasha injini moto kabla hawajafika, isije ikakohoa mbele ya mnunuzi. Wankyo akageuka kumwangalia Prosper, akitegemea kumwona tayari amelala chali chini ya gari. Prosper alikuwa amesimama mbali, mikono mfukoni.

"Hii hapana, Mama Dorah. Twende."

"Hapana kwa nini? Hujaichungulia hata."

"Hapana tu."

Gody akacheka kidogo, bila kumtazama. "Fundi anajua magari kuliko wenye magari."

Prosper akaanza kutembea kuelekea stendi. Wankyo akabaki nyuma kidogo. Wakati wanafika, wale wanaume wawili walikuwa wamesalimiana kama watu wasiojuana. Sasa aliona kwamba wanajuana, tena vizuri.

Njiani kurudi Musoma walipokaribia Makutano, Prosper akasema, kama mtu aliyekumbuka jambo, kwamba kuna mzee Butiama anauza Land Cruiser yake ya zamani. Si nzuri kwa macho, lakini ingemfaa.

Wankyo akasema, "Ahaa."

Akamsimulia Nyangi huku wakipara samaki. "Gari zima zima analikataa bila kuligusa, halafu ana lake la mfukoni. Unaona?"

"Huyo mzee atakuwa amemuahidi kitu," alisema Nyangi.

"Na yule dalali wa Bunda? Wanajuana, dada. Nimewaona kwa macho yangu."

Siku ya pili yake Wankyo akaenda Butiama peke yake, bila kumwambia Prosper. Mzee alikuwa anaitwa Boniphace, mfugaji, mrefu, amevaa koti la mvua wakati hakuna mvua. Land Cruiser yenyewe ilikuwa pembeni ya zizi, rangi yake imeliwa na jua hata hujui ilikuwa kijani au kijivu, na nyuma inanuka maziwa.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kuangalia gari. Naomba uiwashe."

"Marahaba. Leo siiwashi," alisema Boniphace. "Asubuhi nilipeleka maziwa, bado ina joto. Injini ya moto haisemi ukweli. Njoo kesho mapema, kabla sijaigusa, uisikie inavyoamka."

Muuzaji anayejiharibia biashara mwenyewe alimtia Wankyo wasiwasi kuliko yule wa Bunda.

"Prosper fundi ni nani wako?"

"Ndiye hunitengenezeaga gari."

"Nikiinunua, yeye atapata nini?"

"Atapoteza mteja," alisema mzee. "Macho yangu yanakwisha, binti. Sitanunua gari nyingine." Kisha naye akamkazia macho hayohayo yanayokwisha. "Sasa na wewe niambie. Unataka kuvuta nini? Wiki iliyopita kuna watu walikuja wanataka gari ya nguvu, isiyotazamwa sana barabarani. Niliwafukuza."

Ikabidi Wankyo amwonyeshe kwenye simu picha za tela, alizotumiwa na karakana: kwanza vyuma vitupu, halafu kuta, halafu kitanda. Mzee aliisogeza simu karibu na pua, akaangalia picha moja moja, akauliza choo kiko wapi.

Wankyo aliondoka akiwa hajui amwamini nani. Usiku ule hakupata jibu, lakini kulipokucha alilijua la kufanya. Alichukua tochi na kanga ya zamani, akapanda basi la Bunda.

Gody alifurahi kumwona yuko peke yake. Furaha ilipungua alipoona anatandika kanga chini ya pikapu.

"Mama yangu, utachafuka!"

"Nimelala pabaya kuliko hapa."

Akajivuta chini, akawasha tochi. Kila kitu kule chini kilikuwa na kutu na tope kavu, isipokuwa chesisi, zile nguzo mbili za chuma zinazobeba gari lote. Hizo zilikuwa nyeusi tii, rangi mpya kabisa. Akapitisha kidole. Katikati, chini ya viti vya nyuma, kidole kikagonga kitu. Kulikuwa na kipande cha bati nene kilichochomelewa upande huu, na kingine upande wa pili sehemu ileile. Gari lilikuwa limekatika, likaunganishwa. Akapiga picha tatu.

Kabla hajasimama vizuri, Gody alikuwa anamsubiri. "Basi sikia, nakupunguzia. Sema wewe."

"Mbona unapunguza na mimi sijasema kitu?"

Wankyo akakung'uta kanga yake, akaikunja, akaondoka.

Mchana huohuo aliingia gereji ya Prosper, akaiweka simu juu ya meza ya vifaa, picha ikiwa wazi. Prosper akaangalia. Akachukua kitambaa, akafuta mikono yake ambayo haikuwa michafu sana.

"Ni kazi ya mkono wangu," alisema.

Wankyo alikuwa amejiandaa kwa kila uongo. Kwa hili hakujiandaa.

"Miaka miwili iliyopita ilipinduka," Prosper akaendelea. "Gody akaniletea imekatika mgongo. Akaniambia ni gari ya shamba, itabebaga majani ya ng'ombe tu, haitatoka barabarani. Nikachomelea. Siku ile tumeenda, ndiyo naiona imepakwa rangi."

"Na hukuniambia."

"Ningekwambia nini? Ungesema huyu ni fundi gani anayeunga gari iliyokatika? Nikaona nikutoe pale tu."

"Ingevuta tela?"

"Ingevuta. Miezi, labda mwaka. Halafu siku moja kwenye mlima ingekatika pale pale, na wewe ndani."

Wankyo akaichukua simu yake. Hasira ilikuwepo, lakini ilikuwa imehama kutoka pale alipoiweka mwanzo.

"Mimi nimetoka. Na yule atakayekuja kesho kuinunua, nani atamtoa?"

Prosper akavua ovaroli, akamwachia mwenzake gereji, akaondoka kuelekea stendi. Jioni akaja Makoko, akasimama mlangoni, akakataa kiti. Pikapu haikuwepo, alisema. Gody amedai mwenye gari kaichukua. Gody alisema hana jina la mwenye gari huyo wala namba yake ya simu. Prosper alipita polisi, akaeleza alichokichomelea na lini, wakaandika.

"Unamwamini Gody?" Wankyo aliuliza.

"Hapana."

"Hata mimi."

Juma lile wakaenda Butiama wote wawili, wakafika umande haujakauka. Land Cruiser ilikataa mara ya kwanza. Mara ya pili ikatoa moshi mweusi, ikaguruma, ikatulia. Prosper akalala chini yake karibu nusu saa, na safari hii Wankyo akalala ubavuni mwake, akimwangazia tochi na kuuliza kila chuma kinaitwaje. Chesisi ilikuwa na kutu ya uzee tu, hakuna kovu. Kwa jirani wakaazima tela la trekta, wakalijaza matofali, wakapanda nalo kilima na kushuka. Wankyo aliikanyaga breki katikati ya mteremko. Gari likasimama. Prosper akasema breki za nyuma zibadilishwe hata hivyo.

Kadi ya gari ilikuwa na jina la Boniphace. Wankyo akalinganisha namba za kadi na zile zilizogongwa kwenye chuma, tarakimu moja moja, mara mbili.

"Binti, ulikuwa polisi?" mzee aliuliza.

"Nilikuwa mpishi," alisema Wankyo, akaanza kumhesabia fedha.

Tela lilifika wiki ya nane badala ya ya sita, likivutwa na lori la karakana. Wankyo alifungua kila droo, akajaza tangi, akasubiri saa nzima kuona kama linavuja. Halikuvuja. Komeo la mlango ndilo lilikuwa limewekwa kichwa chini. Akawafanya waligeuze kabla hajasaini.

Safari ya kwanza ilikuwa ya Murangi, siku ya gulio. Nyangi alikaa mbele, ameshikilia mlango kwa mikono miwili. Prosper alifuata kwa pikipiki, akiangalia magurudumu ya tela, na mara mbili aliwasimamisha akaze nati. Walipofika alizikagua tena zote, akanawa mikono, na Wankyo akampa sahani ya ugali wa muhogo na sato kupitia dirishani.

Alipomaliza kula, Prosper akasema Jumatatu atarudi Bunda, aulizie tena ile pikapu.

"Nipitie Makoko," alisema Wankyo. "Tutaenda wote. Picha ninazo."

Kisha akamgeukia mteja wa kwanza, mwanamke mwenye kapu la dagaa, aliyekuwa anauliza hivi hii ni hoteli au ni nyumba ya mtu.