Mwenye Pindo wa Sidab

Juma lililopita tulikwenda kuifunga nyumba yetu ya zamani ya Hamriya, hapa Maskati, maana imeshauzwa na itabomolewa, na ndani ya kabati la bibi nikalikuta daftari lake la nondo, wale vidudu vya mabawa wanaofuata taa. Nilijua limo. Miaka yote hii nilijua limo, na ndiyo maana kabati lile sikupata kulifungua. Sasa liko kwangu, juu ya meza ya kulia, na tangu nilipolileta, rafiki yangu, chakula hakinipiti wala usingizi hauji.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo, labda wewe utanisaidia kulibeba.

Bibi, mama yake baba, aliletwa Maskati kutoka Unguja akiwa keshakuwa mtu mzima. Kiarabu chake kilikuwa cha kusalia. Dukani alinyoosha kidole, na wenye maduka wakamchekea, si kwa ubaya, lakini yeye aliona ubaya. Baba alimnunulia kabati la mbao lenye kioo. Halikutiwa hata leso. Nguo zake zilikaa ndani ya sanduku alilokuja nalo, karibu na mlango, zimekunjwa pamoja na vipande vya kafuri. Asubuhi hutoa ya kuvaa, jioni huirudisha iliyofuliwa. Mama alipomwuliza, alijibu, "Mie mgeni hapa, mwanangu. Nguo n'tatundika kwangu."

Kitu kimoja tu kilimtuliza, nacho ni nondo. Sisemi wale wakubwa wanaotisha watoto. Nasema wadogo, wa kiasi cha punje ya mchele, ambao mtu hupita akadhani ni vumbi la ukutani. Baada ya sala ya alfajiri, taa ya barazani ikiwa bado inawaka, huwakuta wametulia juu ya chokaa, chini ya taa. Bibi husimama hapo na miwani yake na kikombe cha chai ya tangawizi, nami kando yake na kiberiti kitupu mkononi, huku jikoni mama anachoma mikate na nyumba nzima inanuka ubani wa jana. "Njoo, mke mwenzangu," huniambia, "tuwatazame wageni wetu." Nilikuwa na miaka tisa na nikajiona mtu wa maana sana.

Kila Ijumaa tulizuru jamaa, na kila nyumba tuliyolala au tuliyofika mapema, bibi alikagua ukuta kwanza, salamu baadaye. Wenyewe walimtania lakini wakamwachia. Kwa ami yangu, Ghubra, karibu na bahari, walikuwa weupe watupu, bibi akawaita Maharusi. Kwetu Hamriya walikuwa na rangi ya unga wa dengu, nao walitoka kwenye magunia ya maduka ya nafaka. Kwa shangazi, Sidab, kile kijiji cha wavuvi kilichobanwa baina ya majabali na maji, walikuwa wa kijivu, wenye vidoa viwili mgongoni. Hao wa Sidab, ukivuka jabali moja tu kuja mjini, huwaoni tena. Yote hayo aliyaandika kwenye daftari la shule, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kila mtaa ukurasa wake.

"Kidudu kidogo hivi," alisema siku moja, "na kinajua kwao wapi." Kisha akaenda chumbani akalia, na sisi nje tulikuwa tunamsikia.

Palikuwa na ukurasa mmoja usio na mtaa. Juu yake ameandika Mwenye Pindo. Huyo alikuwa nondo wa nyumbani kwao Unguja, rangi ya karafuu kavu, na ncha ya bawa ina mstari mweupe mwembamba. Alimtafuta kila ukuta wa Maskati. "Nikimwona huyu hapa," aliniambia, "basi hata mie n'takaa."

Maneno hayo niliyabeba moyoni. Ikatokea mama akapata mgeni kutoka Unguja, mwanamke mmoja aliyesoma naye. Alipofungua mfuko wa karafuu uani, akaruka kidudu kimoja, akatua dirishani. Rangi ya karafuu. Bawani mstari mweupe. Nikamfunika kwa kiberiti.

Ningesema kweli, bibi angefurahi kidogo, angemtazama, na yangeishia hapo: mgeni mwengine aliyekuja na mzigo. Mimi sikutaka aishie hapo. Nilingoja mpaka Jumamosi, siku ya pili ya kutoka kwa shangazi, nikampa kiberiti. Yule nondo alikuwa keshakufa.

"Umempata wapi?"

"Sidab. Ukutani kwa shangazi."

Alivua miwani, akaivaa, akavua tena. Halafu akakaa chini pale pale barazani, akanikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Siku ile alipika mkate wa kumimina akagawa kwa majirani, hata kwa wale waliomcheka. Jioni akalifungua sanduku, akatoa nguo moja moja, akazitundika kabatini. Baba alisimama mlangoni akimtazama, akageuza uso.

Sasa niambie, ningeyasemaje yale baada ya hapo?

Kila Ijumaa baada ya sala ya alfajiri alimtaka baba ampeleke Sidab. Mara ya kwanza hakumwona, akacheka, akasema tumechelewa. Ya pili akasema upepo. Ya tatu akaniita nimwoneshe ni ukuta upi hasa, nami nikanyoosha kidole pahala, chini ya taa, kulia. Nakumbuka kidole changu mpaka leo. Shangazi alitoa kiti, bibi akakaa kukabili ukuta na kanga mbili mabegani, mpaka jua likapanda juu ya jabali. Kila wiki niliapa kwamba nitasema. Garini nilikuwa na maneno yote mdomoni. Tukifika Hamriya nimeshayameza.

Baridi ilipoingia alianza kukohoa. Baba alimkataza, hakukatazika. Kikohozi kikawa kifua, kifua kikawa hospitali. Sijui kama ni asubuhi zile zilizomwua, na daktari hakusema hivyo, lakini mimi nimeishi nikijua ninachokijua. Mara ya mwisho nilipomwona alinishika mkono, mkavu, mwepesi, akasema, "Nitazamie weye, mke mwenzangu. Mie macho ndo hayo tena. Yupo Sidab, usiniachie akapotea."

"Nitamtazama, bibi," nikasema. Hata hapo sikusema.

Juzi ndipo nilipolisoma daftari. Ukurasa wa Mwenye Pindo umepata mtaa: Sidab, kaletwa na mjukuu wangu. Chini yake: Sidab, sijamwona. Sidab, sijamwona. Mistari imejaa ukurasa, ikageukia wa pili, na herufi zinazidi kulegea, hata ule wa mwisho nimeutambua kwa kuwa naujua tu. Ile kazi yote nilimpa mimi. Nimelia nikiwa mtu mzima mwenye watoto wangu, na hakuna wa kumwomba radhi.

Ijumaa hii niliamka, nikasali, nikaendesha peke yangu mpaka Sidab. Nyumba ya shangazi imejengwa upya na wengine. Ukuta umebandikwa mawe ya kung'aa, taa ni zile nyeupe kali, na chini yake hapana kitu, hata wale wa kijivu wa vidoa viwili. Njiani nilikuwa nimepita Ghubra nikatazama kwa ami: hakuna Maharusi. Pale Sidab mama mwenye nyumba alinifungulia mlango, akaniuliza kwa Kiarabu nimepotelewa na nini.

"Natafuta nondo," nikamjibu. "Wadogo, walikuwa hapa ukutani."

"Ya okhti, dada yangu, hapa tunapuliza dawa kila mwezi," akasema, akajisifu kidogo. "Humwoni hata mbu."

Alinipa kahawa na tende, Mungu amjaze kheri, akaniacha nisimame. Nilisimama mpaka jua likapanda juu ya jabali. Nilitazama chini ya taa, kulia, pale nilipoelekeza kidole. Najua hayupo. Hakuna mtu duniani anayejua kuliko mimi kwamba hayupo, na hakupata kuwapo. Nikarudi garini, nikafungua daftari pajani, nikaandika chini ya mwandiko wake, kwa herufi zake zile zile: Sidab, sijamwona.

Mstari mmoja umebaki kwenye ukurasa ule. Ijumaa ijayo nitakwenda tena.