Mpiga rangi wa Malton aliyekiombea kiwanda kibali cha hewa

Saa moja kasoro robo asubuhi, dakika chache baada ya feni kuwashwa, Prudence Iteka anapanda ngazi ya chuma hadi juu ya paa la kiwanda. Ndege inayotua kwenye uwanja wa Pearson, Toronto, inampitia juu ya kichwa kwa kishindo, naye hata hageuki. Anachungulia kipimo kidogo kilichofungwa kwenye dohani, anasubiri sindano itulie, kisha anaandika namba kwenye daftari lenye jalada la plastiki.

“Leo feni inavuta vizuri,” anasema huku akishuka. “Ingekuwa chini ya hapa, ningewaambia wasianze kazi.”

Na wangemsikiliza. Miaka miwili iliyopita wasingemsikiliza.

Prudence ana miaka arobaini na minne. Alizaliwa Bujumbura, akasomea ualimu wa kemia, akafundisha miaka mitatu tu kabla ya kukimbia nchi. Hapa Kanada vyeti vyake havikumfikisha darasani. Amepiga rangi viti vya chuma kwa miaka tisa katika karakana ya Malton yenye wafanyakazi kumi na wanne, ambako hadi majuzi alilipwa dola ishirini na moja kwa saa. Anaishi mtaa wa mbali wa Flemingdon Park, na hubadilisha mabasi mara tatu kufika kazini.

Mkasa ulianza kwa malalamiko. Mtu wa nyumba za nyuma ya uzio alipiga simu serikalini akisema harufu ya rangi inamkaba. Mkaguzi wa jimbo alipofika, aliona vyumba viwili vya kupulizia rangi, ilhali kibali cha hewa, yaani ruhusa ya kiwanda kutoa hewa yenye kemikali nje, kilitaja kimoja. Cha pili kilikuwa kimejengwa baadaye, na hakuna aliyekiombea ruhusa.

Chumba cha pili kikafungwa siku hiyohiyo. Saa za Prudence zikashuka kutoka arobaini kwa wiki hadi ishirini na nne.

Mwenye karakana, Shamez Fatehali, mzaliwa wa Mwanza, aliwaita wafanyakazi wote karibu na meza ya kufungashia. Aliwaeleza kwamba kibali hakiombwi kwa barua. Unatakiwa kuorodhesha kila kemikali inayotoka kwenye dohani, kiasi chake kwa saa, kimo cha dohani na umbali hadi kwa jirani. Mhandisi anakokotoa hewa itakayomfikia jirani ina nini, anaweka saini, ndipo serikali inasoma. Gharama yote, pamoja na ada ya serikali ya kusoma ombi lenyewe, ni ya mwombaji.

“Kampuni ya ushauri imetaka dola elfu kumi na nane, ada ya serikali bado,” Shamez aliwaambia. “Sina. Naona nibaki na chumba kimoja na nusu yenu.”

Prudence aliuliza kazi gani hasa ilikuwa inagharimu fedha zote hizo. Akajibiwa kwamba kubwa ni kukusanya takwimu.

“Bwana Shamez, takwimu ziko mikononi mwangu kila siku,” alisema. “Mimi ndiye ninayefungua makopo. Mtafute mhandisi wa kukokotoa tu. Kupima nitapima mimi.”

Shamez anakiri kwamba alikubali kwa kukosa njia. Alimpata Alireza, mhandisi anayejitegemea, aliyekubali dola elfu saba iwapo ataletewa takwimu safi. Shamez akaahirisha kununua gari jipya la kusambazia viti, akaziweka fedha hizo pembeni.

Kwa miezi mitatu Prudence alipima kila kopo kabla na baada ya kazi. Alisoma karatasi za usalama za kila rangi na kila thina ya kuyeyushia rangi, zile ambazo kwa miaka mingi aliziona zimening’inia ukutani bila kuzigusa. “Kemia yangu ilikuwa imelala,” anasema. “Ilipoamka, niliona aibu. Nilikuwa navuta vitu ambavyo majina yake nilikuwa nawafundisha watoto.”

Siku moja ya mapumziko alizunguka uzio, akabisha hodi kwa mlalamikaji. Alikuwa Katunge, Mkenya aliyestaafu kazi ya kulea wazee, mwenye pumu.

“Wewe ndiye unapuliza hiyo kitu?” Katunge alimuuliza mlangoni.

“Ndiyo, mama. Mimi ni mmoja wao.”

“Basi keti hapa na mimi mpaka saa nane. Halafu utaniambia kama mimi ni mgomvi.”

Waliketi barazani wakinywa chai. Saa nane mchana, zamu ya pili ilipoanza katika chumba kilichobaki, harufu iliwafikia. Katunge aliinuka, akafunga madirisha yote.

“Nilishtuka,” Prudence anakumbuka. “Ndani ya kiwanda pua yangu ilishazoea, sikuwa nasikia kitu. Pale barazani nilisikia kila kitu, na kilikuwa chumba kimoja tu.”

Wiki iliyofuata Alireza akaleta hesabu. Vyumba vyote viwili vikifanya kazi, kemikali moja ya kwenye thina ingemfikia Katunge kwa kiwango kinachozidi kile kinachoruhusiwa. Ombi lingekataliwa.

Mhandisi alipoondoka, Shamez alifunga mlango wa ofisi. “Dada Prudence,” alisema kwa sauti ya chini, “hizi lita, tukiandika chache kidogo? Nani atajua?”

Prudence alikuwa na kodi ya nyumba ya kulipa, na watoto wawili shuleni. Lakini alijibu.

“Mimi nitajua. Lita nimezipima mwenyewe, na nyumbani kwa yule mama nimeketi. Ukitaka namba nyingine, tafuta mtu mwingine wa kuziandika.”

Alichukua koti lake, akaenda kusubiri basi akiamini amepoteza kazi. Kesho yake alimkuta Shamez amesimama mlangoni na vikombe viwili vya kahawa.

“Nilisema upuuzi,” Shamez alimwambia. “Haya, nifundishe. Tunafanyaje?”

Prudence alipendekeza waache thina ile, watumie rangi ya maji kwa fremu zote za viti. Rangi ya viti arobaini vya kwanza ilibambuka kama ganda la kitunguu, na wenzake wakamnung’unikia. Alirudia, safari hii akiosha chuma vizuri zaidi na kukiacha kikauke kwa muda mrefu. Jaribio la nne lilishika. Dohani nayo ikarefushwa mita tatu.

Hesabu mpya zikaingia chini ya kiwango. Ombi likapelekwa, ada ikalipwa, na tangazo likatolewa ili umma utoe maoni. Katunge aliandika maoni yake: hapingi, mradi kila wiki kuwe na mtu anayepima na kuandika. Serikali ikarudisha maswali mara mbili. Mara zote mbili Prudence aliyajibu kwa daftari lake.

Kibali kilifika baada ya miezi kumi na moja. Chumba cha pili kikafunguliwa na saa arobaini za Prudence zikarudi, na nyongeza ya dola tatu kwa saa kwa kazi ya upimaji. Miongoni mwa masharti ya kibali ni upimaji wa kila wiki, kama alivyoomba Katunge. Prudence yeye hupima kila siku.

“Namba ya kumpigia simu mkaguzi bado ninayo,” Katunge anasema akicheka. “Lakini siku hizi madirisha yangu yako wazi.”

Mwezi Januari Prudence anaanza masomo ya jioni chuoni, fani ya upimaji wa hewa. Ni miaka miwili, na ameshalipia muhula wa kwanza. Karakana mbili za jirani zimeshamuuliza kama atawasaidia kuandaa maombi yao. Amewaambia waanze kupima makopo, atakuja Jumamosi.

“Nikimaliza, nataka niwe yule anayeingia kiwandani kukagua,” anasema akivaa barakoa yake. “Nikifika, sitaanzia ofisini. Nitamuuliza kwanza anayepuliza rangi.”