Mkono wa Baba Mkwe

Wiki tuliyomzika baba mkwe wangu nilisikia wanawake jikoni wakinisema. Wao walikuwa ndani wakisonga obusuma, ugali wa waombolezaji, nami nilikuwa nje ya ukuta nikiosha vikombe.

"Ndiye huyo," mmoja akasema. "Ndiye aliyemshika mzee mkono."

Sikuingia kubishana. Mimi si mtu wa maneno mengi, na shule yangu iliishia darasa la saba. Lakini nilijibu moyoni: ndiyo, nilimshika, na kama angekuwepo leo ningemshika tena. Acha nieleze ilivyokuwa.

Kwetu Kakamega mwanamke hampi baba mkwe wake mkono. Haketi kwenye kitanda chake, na akimpelekea chakula anakiweka mezani na kurudi nyuma. Ni heshima, na niliishika bila kunung'unika tangu nilipoolewa. Hata mume wangu alipofariki, mwanzoni mwa miaka ya tisini, mimi na mzee tulilia kila mmoja upande wake wa kaburi. Tukabaki wawili bomani. Mama mkwe alikuwa ametangulia zamani, na watoto sikujaliwa.

Shemeji zangu walitaka nirudi kwa wazazi wangu. Mzee ndiye aliyesema, "Huyu haendi popote," na neno lake lilitosha kwa sababu kila mtu alijua akili yake ni kali. Kwa hiyo sitajifanya mtakatifu. Nilipoilinda akili ya mzee nililinda pia paa lililo juu ya kichwa changu. Lakini nilimpenda. Ndiye mtu pekee aliyekuwa bado anamtaja mume wangu bila kushusha sauti.

Macho yake yote mawili yalipata mtoto wa jicho. Alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe katika soko la Lubao, na ikafika mahali akawa anawatambua ng'ombe kwa kuwapapasa pembe. Wanunuzi wakaanza kumcheka. Nilimwambia twende hospitali, akakataa, na alikuwa na sababu. Jirani yetu, bibi mmoja mzee, alikuwa amepasuliwa macho akarudi anaona mpaka sisimizi, lakini hawajui watoto wake. Alikufa akiwauliza ni wageni wa nani.

"Afadhali nisiwaone na niwajue," mzee akasema, "kuliko niwaone kama mbuzi anavyoiona redio."

Nikalipeleka jambo hilo kwa daktari wa macho, kijana mwenye uso wa kuchoka lakini mwenye masikio. Aliniambia kisu cha jicho hakigusi akili. Kinachowavuruga wazee ni mambo yanayoandamana nacho: dawa ya usingizi, kiu, kukosa kulala, kufungwa macho mahali pageni penye sauti wasizozijua. Wengi akili huwarudia baada ya siku chache. Wengine haiwarudii yote.

"Basi usimpe hiyo dawa ya usingizi," nikasema.

Akacheka. "Mama, daktari hapa ni nani?"

"Ni wewe. Ndiyo maana nakuomba wewe."

Akafikiri. Akasema inawezekana, kwa ganzi ya jicho peke yake, lakini mzee lazima atulie kabisa. Na lazima mtu amshike mkono, ili akiumia au akitaka kukohoa afinye badala ya kushtuka. "Utamshika wewe, binti yake."

"Mimi ni mke wa mwanawe."

Daktari akaitikia kwa kichwa. Alikuwa wa huku huku, hakuhitaji kuelezwa.

Mzee aliposikia hatapewa dawa ya usingizi alikubali, na mwenyewe ndiye aliyepata njia. Siku ya upasuaji akaomba bendeji. Ncha moja akaizungushia kidoleni, ya pili nikaishika mimi, nikaketi kwenye stuli nimevalishwa kofia na gauni la kijani. Wakati wote wa upasuaji aliivuta mara chache tu, taratibu, kama mtu anayebisha hodi. Kila alipovuta nilijua yupo.

Kazi ilikuwa baadaye, wodini. Jicho moja lilikuwa limefungwa, na la pili halikuona kitu. Nilimfunika blanketi lake lenye harufu ya moshi wa nyumbani. Nilimsogezea maji. Nilimweleza dirisha liko wapi, ni nani anayekohoa kitanda cha pili, na kwamba bado ni mchana. Kisha kengele ya kuwatoa wageni ikalia.

"Mama, hujasikia kengele?" muuguzi akaniuliza.

"Nimesikia, sista."

"Sasa?"

"Sasa nimesikia."

Akamwita askari. Askari akanitazama, akalalamika kwamba yeye amezoea kufukuza walevi, si mwanamke aliyeketi kimya. Lakini walinitoa. Nikalala nje kwenye varanda.

Asubuhi nilimkuta shangazi, dada yake mzee, amefika kabla yangu kutoka Mayoni. Alikuwa amesimama mbali na kitanda ameshika kiuno. Usiku mzee alikosa utulivu, wakamdunga sindano alale, kwa nia njema. Sasa alikuwa ameamkia Lubao. Alikuwa ananadi fahali. Alimwita mume wangu kwa jina amfungulie ndama, na huku anaivuta bendeji ya jicho.

"Mwambie kijana wake anakuja," shangazi akaninong'oneza. "Wazee wanadanganywanga, wananyamaza."

Muuguzi akaja na sindano nyingine, na vitambaa vya kumfunga mikono.

"Hapana," nikasema, kwa sauti ambayo sikujua ninayo. "Hadungwi, na hafungwi."

"Akiitoa hiyo bendeji jicho linaharibika! Utamrudishia wewe?"

"Nipe muda kidogo, sista. Ukiona nimeshindwa, njoo."

Nikaketi kitandani. Nikaushika ule mkono uliokuwa unavuta bendeji, nikaushusha kifuani pake, nikaufumbata kwa mikono yangu yote miwili. Shangazi akapiga yowe. "Uwi! Unamshika baba mkwe wako!" Mkono ulikuwa mzito, wenye sugu za kamba za ng'ombe. Ulifanana na wa mume wangu. Hilo sikuwa nimejiandaa nalo.

"Baba, hapa ni hospitali," nikasema. "Jana ulipasuliwa jicho. Sasa ni asubuhi. Jicho limefungwa, ndiyo maana unaona giza."

"Mwite kijana anifungulie ndama."

Wote walinitazama. Uongo wenyewe ulikuwa mdogo na mlaini, na angenyamaza. Lakini kesho angemngoja, na keshokutwa angemngoja, mpaka azoee kuishi humo ndani ya uongo wangu.

"Hawezi kuja, Baba. Alikufa. Tulimzika kando ya miwa."

"Wewe mwanamke utamuua!" shangazi akasema.

Mzee aliacha kuvutana na mikono yangu. Kisha akauliza, "Mvua ilinyesha?"

"Ilinyesha. Mchungaji akaruka maneno mengi ili amalize."

"Na turubai likaangukia kwaya."

"Likaangukia kwaya, Baba."

Akaanza kulia, na huku analia mdomo wake unataka kucheka. Muuguzi akafoka kwamba machozi ni mabaya kwa jicho, na alisema kweli. Mpaka leo sijui kama jicho lile lilipona vizuri kama ambavyo lingepona. Ningechagua vile vile.

Ndipo mkono ukakakamaa ndani ya mikono yangu.

"Ni nani huyu amenishika?"

"Ni mimi, Baba. Mke wa mwanao."

"Na umenishika mkono?"

"Nimekushika."

"Toa mkono, mama! Watu watasema nini?"

Nikauachilia upesi, nikarudi kwenye stuli, nikajifunika uso kwa leso. Shangazi alidhani naona aibu. Nilikuwa nalia kwa furaha. Mzee anayekumbuka kwamba mke wa mwanawe hamgusi, huyo amerudi. Muuguzi naye aliona. Aliirudisha sindano yake, na jioni kengele ilipolia alipita karibu yangu kama hanioni.

Nyumbani shangazi alidai kondoo achinjwe ili kuondoa aibu niliyoleta. Shemeji zangu wakaafiki haraka, maana walitafuta lolote la kunitoa bomani. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akaomba aletewe kondoo mwenyewe. Akamkagua kwa jicho lake jipya.

"Huyu ana mimba," akasema. "Kati yenu wote wenye macho hakuna aliyeona? Hachinjwi." Kikao kikaishia hapo.

Mwaka uliofuata tulirudi kwa jicho la pili. Nilikuwa nimeibeba ile bendeji ya kidoleni, nimeifua na kuikunja. Mlangoni pa chumba cha upasuaji, mbele ya shangazi na shemeji zangu, mzee alinyoosha mkono.

"Hiyo kamba kafungie mbuzi," akaniambia. "Lete mkono."

Nikampa.

Alikufa akimjua kila aliyeingia kumwona, na mimi ningali naishi pale aliposema nisiondoke. Wale wanawake wa jikoni walipotoka na masinia, niliwapokea kwa mkono ule ule.